Nyongeza ya Wimbo wa Nne

Siku hizi nikisikia zeze likilia kwenye redio ya mtu anayepita barabarani, naacha ninachofanya mpaka apite. Zamani ningemkimbilia kumuuliza wimbo kautoa wapi.

Nina kibanda mjini, kata ya Kashaulili, hatua chache kutoka sokoni, na kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye memori. Msinionee huruma mkadhani biashara hii imekufa. Mwenye bando ajisikilizie kwenye simu yake, shauri yake. Lakini anayechunga ng'ombe huko ambako mtandao haufiki anataka redio yake ndogo, memori yake, na nyimbo za kumfikisha mpaka mnada ujao. Huyo ndiye mteja wangu, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyemchagulia cha kusikiliza bila yeye kujua.

Nilimchagulia kwa njia ya nyongeza. Ukinunua dagaa unaongezewa kiganja, sasa kwa nini nyimbo zisiwe na nyongeza? Mtu akiagiza zake, namwongezea mmoja asioujua, wa mwimbaji asiyejulikana hata kijiji cha pili. Bongo Fleva haihitaji msaada wangu, redio zote zinaipigia debe. Mimi niliwatafuta wale wanaojirekodi kwa simu nyuma ya nyumba, unasikia zeze, unasikia na jogoo. Wateja walirudi wakisema, "Mama, ule wa mwisho ni wa nani?" Nilivimba kichwa, sifichi. Mume wangu alikuwa akisema masikio yangu yana majivuno kuliko mimi mwenyewe, nami nilimjibu kwamba angalau kuna kitu cha kujivunia nyumbani.

Mwimbaji mmoja alikuja mwisho wa mvua, kwa baiskeli, kutoka Kakese, zeze limefungwa kwa kanga mgongoni. Kijana wa Kisukuma, mpole, macho hayatulii. Alikuwa na nyimbo sita kwenye simu. Nilizisikiliza zote mbele yake, na wa nne ulinisimamisha. Katikati sauti yake inakatika, kabisa, zeze linaendelea peke yake, halafu anarudi chini zaidi, taratibu.

Sikuelewa neno. Baba yangu alitokea Ujiji, mama Tabora mjini, nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Kisukuma changu ni cha kuuzia: mwangaluka asubuhi, wabeja mteja akishanunua. Nilisikia anataja jina la mama mmoja, anarudia, na anataja Kakese. Hilo halikunishangaza. Nyimbo zao zina desturi ya kutaja watu: aliyemlisha mwimbaji, mjomba wake, mkwe wake, hata dume la ng'ombe lililomshinda kulima. Nikajua anamsalimia mama wa watu. Kumuuliza kungenichukua dakika moja, na sikumuuliza.

"Huu ndio mzuri kuliko zote," nikamwambia.

Akaniangalia. "Basi wawekee huo."

Niliuweka. Niliuweka kwenye kila memori iliyopita mezani kwangu, wiki kwa wiki. Wale wa Kakese nao niliwawekea, tena kwa furaha, nikiwaambia, "Huyu ni wa kwenu."

Aliyenifumbua macho ni mfugaji mmoja, mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja asubuhi, mimi nimeufungulia kwenye spika huku nafagia. Hakunisalimia.

"Mama, zima."

Nikadhani anatania. "Nizime? Huo si wa nyumbani kwenu huo?"

"Zima kwanza. Unajua anasema nini?"

Nikazima. Akasogea karibu na kunieleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kijana alifiwa na mtoto wake wa kwanza, na mwezi uleule ng'ombe wake wawili wakafa. Wimbo unasema nani kawaua. Unamtaja yule mama kwa jina, unasema anakoishi, unasema macho yake ni mekundu na alfajiri huonekana akichungulia nyua za watu. Mwishoni, pale anaporudi na ile sauti ya chini niliyoipenda, anawauliza vijana wa Kakese wanangoja nini.

Kila mtu mkoa huu anajua maana ya swali hilo. Tumeshasikia habari za vikongwe waliokutwa asubuhi wameuawa majumbani mwao, na macho mekundu ya mama aliyepika kwa kuni miaka hamsini yametosha kuwa ushahidi wa uchawi.

Mfugaji alipoondoka nilimpigia simu mwimbaji. Nilianza kwa ukali, ndiyo tabia yangu nikiogopa. Nikamwambia aufute, aimbe mwingine wa kukanusha, ataua mtu.

"Lakini mama," akasema, "si wewe ulisema huo ndio mzuri kuliko zote?"

Akakata. Nilipopiga tena simu haikupokelewa, na mpaka leo haipokelewi.

Nikampigia mtendaji wa kijiji chao. Alinisikiliza vizuri, akaahidi kupita kwa huyo mama na kuongea na vijana, kisha akasema nimtumie wimbo ausikie mwenyewe. Nikautuma. Nilijiona nausambaza tena.

Nikaufuta kwenye kompyuta. Nikatangaza kwamba kila aliyenunua nyimbo kwangu alete memori yake nimwekee mpya za bure. Wengine walikuja, nami nikawa naufuta huku nawachekea na kuwaongelesha habari za mahindi. Lakini nyimbo hazikai kwenye memori moja. Watu walikuwa wamesharushiana kwenye simu. Siku moja bodaboda alisimama mbele ya kibanda changu akinywa maji, na wimbo wa nne ukawa unalia mfukoni mwake. Nilitaka kumnyang'anya simu. Nikamwacha aondoke nao.

Tangu hapo kila asubuhi niliogopa wateja wa Kakese. Akitokea mmoja uso umekunjamana, sikushika kazi mpaka aseme alichofuata. Kila mama mzee aliyepita na beseni la karanga nilimwangalia macho. Sikuwa hata na sura yake. Nilikuwa na jina lake tu, nalo nilikuwa nimeligawa kwa watu wote.

Alikuja Ijumaa moja, saa tatu asubuhi. Mwembamba, kanga mbili, begi la shangazi kaja mkononi na redio ndogo imefungwa kwa mpira. Aliweka begi chini.

"Wewe ndiye mama wa nyimbo?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niwekee ule wimbo unaonitaja."

Nikamwambia nimeufuta, nikaanza kueleza kwamba sikujua, kwamba mimi si Msukuma. Aliinua mkono ninyamaze.

"Wajukuu wangu wakiniona wanazima. Kisimani wakiniona wanazima. Kakese nzima wameusikia, mimi peke yangu sijausikia."

Ukweli ni kwamba nilikuwa na nakala moja, kwenye simu yangu. Nilijidanganya kwamba naitunza iwe ushahidi. Niliiacha kwa sababu ni nzuri, na mara mbili nilishaisikiliza peke yangu nikijua kila kitu inachosema.

Nilimvalisha spika za masikioni, mtu mwingine asisikie. Kwa hiyo mimi sikusikia chochote, nilimwona yeye tu. Macho yalikuwa mekundu kweli, ya moshi, kama ya mama yangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kidole chake kimoja kikawa kinafuata zeze mezani, kisha kikasimama, nikajua sauti imekatika. Kilikaa vile. Halafu kikaanza tena, polepole.

Alivua spika akanirudishia.

"Huyu nilimpokea mimi alipozaliwa," akasema. "Alichelewa kulia, tukaogopa." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Anaimba vizuri."

Nikamuuliza anakwenda wapi, na nilijua jibu kwa kuliangalia begi.

"Kibaoni, kwa binti yangu. Juzi wamenichomea jiko. Mtendaji kasema nisilale tena pale." Akanisogezea redio. "Uweke humo. Huko wataniuliza kwa nini mtu mzima nimehama na begi moja. Mimi siwezi kuwaeleza. Huyu ameeleza."

Nilimwomba asiubebe. Nilimwambia utamfuata huko. Akasema umeshafika, binti yake ndiye aliyempigia simu kumwambia anausikia sokoni.

Nikauweka. Nilipomrudishia redio hakuipokea.

"Nasikia unatoaga na nyongeza."

"Natoa, mama."

"Nichagulie basi, safari ni ndefu. Wowote tu, ila usitaje mtu."

Nikaifungua kompyuta. Nilikuwa na mafolda kwa mafolda, kazi ya miaka, kila mmoja niliuchagua kwa masikio yangu. Nikafungua wa kwanza, nikasikia jina. Nikafungua mwingine, jina, na kijiji. Nyimbo za Kipimbwe, za Kifipa, za Kinyamwezi, zote nilizowahi kuwasifia watu, na sikuweza kuapa kwamba hata mmoja unasalimia tu. Yule mama alisubiri, ameshika redio kwa mikono miwili. Basi likapiga honi upande wa stendi, nami bado natafuta.