Mifuko ya Simiti Imemaliza Mbuzi wa Habaryar

Admin, ficha jina langu kabisa. Mke wa kaka yangu anafuata page hii na anapenda kusoma komenti kuliko kupika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naishi Galbet hapa Garissa. Nimeachika, nina watoto wanne, na nyumba tunayolala ni ya kaka yangu mkubwa. Yeye ni kontrakta. Tangu nifike mlangoni kwake na mizigo yangu hajaniuliza hata mara moja nitaondoka lini, na hilo sitalisahau. Ndiyo maana jambo hili limenishinda.

Nilipoachika, habaryar wangu, yaani mdogo wake marehemu mama, alinitumia mbuzi wanne wa kukamua kwa lori la mifugo kutoka upande wa Kutulo. Kwetu ndivyo tunavyoshikana mkono. Mwenye mifugo humwazima ndugu asiye nayo. Maziwa ni yako, mbuzi ni wa mwenyewe, na siku akiwataka unamrudishia. Aliniambia kwa simu, "Wajukuu wa dada yangu hawatakunywa chai ya rangi na mimi niko hai." Nililia siku ile.

Nyuma ya nyumba zetu kuna lagga, mto mkavu wa mchanga, na mbuzi wa mtaa mzima hushinda humo. Kaka alipoanza kujenga ghorofa pale barabarani, tipa lake likawa linamwaga kwenye lagga kila kitu: matofali yaliyovunjika, plasta, mikebe ya rangi, nyaya, na mifuko ya simiti rundo juu ya rundo. Mbuzi wakaacha majani wakawa wanalamba mifuko.

Na sisi wallahi tulifurahi. Mtu aliyekulia na mifugo anajua mbuzi lazima apate chumvi. Utotoni tulikuwa tukiwapeleka mbali sana wakalambe udongo mweupe, na wakirudi maziwa yanaongezeka. Kwa hivyo nilipoona midomo yao imekuwa myeupe nilimwambia jirani, "Kaka ametuletea chumvi mpaka mlangoni." Nikawa hata naokota ile mifuko na kuwaletea nyumbani. Jirani naye akaja kuchukua ya kwake.

Maziwa hayakuongezeka. Mbuzi wa kwanza alivimba tumbo, akakataa kula, akafa. Wa pili vilevile. Wa tatu alipoanza kulegea nilimwita mchinjaji wa mtaani amchinje kabla hajakata roho, angalau nyama iwe halali. Alipopasua tumbo aliniita nitazame. Ndani kulikuwa na donge la karatasi za simiti, kamba na nailoni, limeganda hadi kisu hakiingii. Akaniambia, "Dada, nyama hii usiwape watoto. Na hawa wengine wanaokufa hapa mtaani, sasa nimejua ni nini." Maana si wangu peke yao. Jirani yangu naye amepoteza, na muda wote alikuwa akilaumu kijicho cha watu.

Nikamwendea kaka kule mjengoni. Nilisema polepole, sikutaka mafundi wasikie. "Aboowe, kaka yangu, mifuko yako inaua mbuzi. Ipelekwe jalalani, ama uchimbe shimo uifukie."

Akasema, macho yakiwa kwenye simu, "Mbuzi wa mjini hufungwa. Nani alikwambia lagga ni malisho?"

"Na nani alikwambia ni jalala?"

Hapo akaniangalia. Nilidhani atafoka, lakini sauti yake ilishuka. "Abaayo, dada yangu, mwambie habaryar ni ugonjwa tu. Ukitaja mifuko, wazee wataniita, kila aliyefiwa na mbuzi atakuja kunidai, na mjengo utasimama. Ukisimama, wewe na watoto mtakula nini?" Hakunifukuza. Angenifukuza ningejua la kufanya. Alininunulia hata nyama ya kupeleka nyumbani.

Sasa jana habaryar alipiga simu. Ukame umemaliza karibu kundi lake lote, kwa hivyo anakuja kesho kuchukua mbuzi wake ili aanze upya nao. Akaniuliza, "Wako salama?" Mimi mtu mzima nikajifanya mtandao unakatika, nikazima simu.

Nikisema ni ugonjwa, najua atakachofanya. Mfugaji akisikia kuna ugonjwa kwenye mbuzi waliotoka kundi lake, huwakimbiza sokoni waliobaki akawauze kwa bei ya kutupa. Wale wachache ambao ukame umemwachia wataondoka kwa uongo wangu, na huku lagga itaendelea kuua. Nikisema ukweli, nimemkalisha mbele ya wazee mtu aliyenifungulia mlango siku ambayo hakuna mwingine aliyenifungulia. Na nikinyamaza, mama huyu atasafiri njia yote ile aje kuangalia kamba tupu. Nimeswali, nimeomba, sipati usingizi.

Amebaki mbuzi mmoja tu. Nimemfunga karibu na mlango na namkatia majani mwenyewe. Leo asubuhi tipa limekuja tena. Mbuzi anaijua sauti ya lile tipa kuliko mimi. Alianza kuvuta kamba na kulia mpaka shingo ikachubuka. Nilikuwa ndani nakanda unga. Nilipotoka, binti yangu wa mwisho alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshikia mfuko wa simiti, mbuzi anatafuna. Akaniambia, "Mama, alikuwa analia, nikamletea kama wewe."

Nimeupokonya uliobaki. Aliokwisha kumeza siwezi kuutoa. Habaryar yuko njiani. Nyinyi mnaosoma hapa, mngekuwa mimi, akishuka kwenye gari na kuniuliza mbuzi wake wako wapi, mngefungua mdomo mkamwambia nini?