Nilivyosoma Wasifu wa Shangazi

Usiku ule nililala bila kuvua viatu. Nilikuwa Makambako, kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, maana kazi yangu ni kuzunguka mikoani nikitengeneza mashine za kusaga, na kwa miaka ishirini nyumbani kwangu nimekuwa mtu wa kupita. Jioni mke wangu alinipigia simu. Alisema binti yetu Anita anaishi na mwenzi wake Iringa, na mwenzi huyo ni msichana.

"Umejua lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mimi?"

"Alisema wewe usiambiwe, Baba Anita. Kaka yake anajua. Mimi nami nilipoambiwa nilimwombea apone, wiki nzima, mpaka akaniuliza anaumwa nini. Nikaacha kuomba."

Nilikata simu. Krismasi mbili nimekula meza moja na watu wanaonificha mwanangu mwenyewe, wananipakulia nyama, wananicheka nikisinzia kwenye kochi. Mgeni nilikuwa mimi. Usingizi ulinichukua na uchungu huo kifuani.

Nikamwona Shangazi Skola, ambaye tulimzika miaka kumi na mitatu iliyopita. Amekaa miguuni pa kitanda, anachambua maharage kwenye ungo, kama alivyokuwa akifanya kule Mbinga nilipokaa kwake miaka minne ya sekondari. Nyumba ile ilikuwa ya watu watatu: yeye, mimi, na Felista. Felista tulimwita rafiki wa shangazi. Walilala chumba kimoja, walilima shamba moja, na kila siku waligombana kuhusu chumvi ya mboga. Nimelala nyumba nyingi tangu wakati ule. Sijapata nyingine ninayotamani kuirudia kama ile.

"Viatu kitandani," anasema bila kuinua macho. "Unamkimbia nani safari hii?"

"Wamenisaliti, Shangazi."

"Njoo unisomee kwanza."

Ananyanyuka, namfuata mlangoni, na nje si Makambako. Ni uani kwake, siku ya mazishi yake. Turubai, viti vya plastiki, jeneza. Nimeshika kipaza sauti na ile karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, maana ukoo ulinichagua mimi kusoma wasifu wa marehemu. Shangazi amekaa mstari wa mbele, ungo mapajani.

"Soma, baba."

Nasoma. Alizaliwa, alibatizwa, alifundisha. Nafika pale. "Marehemu hakuolewa, wala hakujaliwa kuwa na familia."

"Tena."

"Hakujaliwa kuwa na familia."

Spika zinaipeleka sauti yangu mpaka nyuma ya nyumba, na mimi nipo nyuma ya nyumba. Wenye msiba wamekaa ndani kwenye mkeka. Felista ametumwa jikoni, ameinama juu ya sufuria la ugali wa waombolezaji. Mwiko unasimama. Kisha unaendelea kuzunguka. Kando yake Anita, mtoto wa miaka tisa, anamenya vitunguu. Anamtazama Felista, halafu anageuka kuitazama spika.

"Hakuna aliyenituma kuandika vile," nilisema, kana kwamba hilo lingenisaidia. "Niliona nakusitiri."

Shangazi yuko ubavuni mwangu. "Ulinisitiri na nini?"

Nilitafuta neno. Mimi ambaye sijawahi kumtukana mtu wa namna hiyo, ambaye huondoka kijiweni mafundi wenzangu wakianza mizaha yao, nilitafuta neno moja tu la kumjibu, na kila lililokuja lilikuwa na aibu ndani yake. Sikukumbuka aliyenipa aibu hiyo. Niliikuta imeshakaa, na ilikuwa imekaa hata miaka ile minne nilipokuwa nakula chakula cha Felista.

"Ni nani alinigeuza kitandani miezi saba?"

"Felista."

"Na mtoto alikuwa hapa akikusikia. Ulitegemea akuambie siri yake?" Anamkaribia Felista, anampokea mwiko. "Kamwambie ulichosoma. Usimwulize kitu kabla hujamwambia."

Nilimwita Shangazi. Hakugeuka.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha, wapiga debe wanaita abiria wa Njombe. Bado iliniuma kwamba nilikuwa wa mwisho kujua. Ndoto haikuniondolea hilo. Nilimpigia Anita.

"Baba? Kuna msiba?"

"Hapana. Nina jambo langu la kukuambia. La siku tuliyomzika Shangazi."

Nikasikia mtu akiuliza kitu kwa sauti ya usingizi, na Anita akimjibu chini chini.

"Baba, siko peke yangu," alisema. "Nitoke nje, au utasema na yeye akisikia?"

Niliisikia pumzi yake, anangoja.

"Usitoke," nilisema.