Kopo la Makala ndani ya Mtumbwi

Ukikuta herufi zimepinda au neno limekosa kitu, nivumilie, rafiki. Nilisoma shule ya msingi tu, na mkono wangu huenda polepole kama mtu anayevuka mawe ya volkano bila viatu. Lakini juma lililopita nilitoka kwangu Ndosho kwa pikipiki, nikashuka kando ya ziwa, njia ya kwenda Sake, pale nyumba ya nyanya yangu ilipokuwa. Kutoka jiko la mtu nisiyemjua ikanijia harufu ya kiazi kitamu kilichoungua. Nikakaa juu ya jiwe, nikacheka peke yangu.

Nyanya alikuwa na mtumbwi mfupi, mweusi kwa uzee. Kila juma tulipeleka viazi kwenye soko la Kituku, ambako mama aliuza. Njia ya majini alinifundisha kwa kutumia mwili wangu mwenyewe. Kwenda, Nyiragongo, ule mlima wa moto, ikae kwenye shavu la kushoto. Kurudi, ikae nyuma ya bega la kuume. Mlima ukijificha, sikiliza. Maji yakiingia kwenye mashimo ya mawe hulia kama mtu anayemeza uji. Kwenye mchanga hunong'ona tu. Sikuwa mtoto wa kusema sana, basi kusikiliza kulinifaa.

Mbele ya mtumbwi kulikuwa daima na kopo la maziwa lenye makala, yaani makaa ya moto, chini ya majivu. Nilifikiri ni ya kuchoma kiazi njiani, basi. Nyanya alisema pia kwamba ukishuka mahali usipopajua, kopo lishuke kwanza, na makala yakizima yenyewe, usiulize, panda juu. Kwetu kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala ndani ya mashimo. Huioni, na mbuzi akiingia humo hatoki. Nilisikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikaacha kuyasikia.

Siku goti lake lilipovimba, nilikwenda peke yangu. Nadhani nilikuwa na miaka kumi na moja.

"Nyanya iko wapi?" mama aliuliza sokoni.

"Nyumbani."

"Na weye ulikuja na nani?"

"Na mtumbwi."

Wamama wa samaki walicheka hadi wakashika meza. Mama hakucheka. Alipokea viazi, akaniambia nirudie mbiyo, mvua isinikute.

Mvua ilinikuta katikati ya njia. Ukungu ukashuka, bega langu likabaki bila mlima. Nikasikiliza, lakini matone yalipiga ziwa lote kwa sauti moja, mawe na mchanga vikawa sawa. Nilipiga kasia kwa woga, mpaka mtumbwi ukagusa nchi kavu mahali nisipopajua. Palikuwa na bonde dogo lenye majani laini, bila upepo hata kidogo, pazuri kama kitanda. Mvua ilikuwa imepungua. Nikavuta mtumbwi kidogo, nikaweka kopo chini, nikafunua kifuniko.

Makala yalikuwa mekundu. Yakaanza kuwa meusi. Niliinama nikapuliza, yakazidi kufa. Kichwa kikawa kizito, na karibu na kopo nikaona ndege mdogo amelala, manyoya yake safi kabisa. Hapo sauti ya nyanya ikarudi. Nikanyakua kopo, nikapanda mawe kwa mikono na magoti mpaka upepo ukanipiga usoni. Nililala pale nikihema. Nilipochungulia tena ndani ya kopo, kala moja lilikuwa limefungua jicho.

Kwa kukosa la kufanya nikatia kiazi kilichobaki mfukoni, nikakisahau, kikaungua. Chini nikasikia kasia la mtu. Nikainuka nichungulie. Aliyeita kwanza ni yeye.

"Nani anaunguza kiazi huko juu?"

"Ni miye, papa."

"Miye nani? Mutoto ya nani?"

"Ya nyanya."

"Eh! Hapa kila mutu iko na nyanya!"

Alikuwa jirani yetu, mvuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Alipoutambua mtumbwi aliacha mzaha. Bila kutia mguu kwenye lile bonde, aliuvuta kwa kasia lake, akauleta upande wa mawe. Nilitaka kupanda wa kwake. Akakataa.

"Ulikuja peke yako, utarudia peke yako. Fuata mugongo yangu."

Nyanya alikuwa amesimama majini kwa goti lile bovu. Hakunishika mimi kwanza. Alichukua kopo, akaweka kiganja juu yake.

"Iko na moto," akasema, kisha akaketi mchangani na kunivuta mapajani kama mtoto mchanga.

Leo nyanya hayupo. Mtumbwi uliishia jikoni kama kuni, na pale tulipoutia majini pana ukuta mrefu wa mtu. Hakuna anayesafiri tena na kopo. Lakini nilikwenda hadi lile bonde, nikakuta wamelizungushia mawe, na kibao chenye fuvu jekundu ambacho hata asiyejua kusoma anakielewa. Nilishusha pumzi. Hata hivyo nilipita juu, upande wenye upepo.

Kama nawe ulifundishwa njia na mtu ambaye hayupo tena, niandikie unieleze alikufundishaje. Ninasoma polepole, lakini nafika mwisho.