Shemeji Mpiga Picha za Nyoka

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ana studio ya picha za pasipoti karibu na kituo cha mabasi: kiti kimoja kisicho na mgongo, shuka jeupe ukutani na kioo chenye ufa cha kuchania nywele. Kazi yake ni kuwaambia watu wainue kidevu. Lakini ukimuuliza, atakuambia yeye ni mpiga picha wa nyoka wa mwituni, na atalisema hilo taratibu ili upate muda wa kuiona fulana yake. Ina mifuko kumi na minne. Nimewahi kumshuhudia akitafuta ufunguo humo kwa robo saa, mteja amesimama mlangoni.

Kila Jumamosi huingia kwenye msitu wa misonobari, ambako mimi na mdogo wangu tunafanya kazi ya kupogoa matawi. Sipendi kumsingizia mtu, kwa hiyo nitasema ukweli: kuwapata nyoka anajua. Hunyatia, akigeuza magogo kwa fimbo yenye ndoano na kuyachambua yale majani makavu membamba yaliyotanda chini, mpaka amwone kifutu amelala humo, mnene, rangi ileile ya majani. Kifutu ni mvivu. Ukija hakimbii, anangoja umkanyage, na ndiyo maana sisi tunamwogopa kuliko nyoka wengine wote. Shemeji akimpata hulala kifudifudi saa nzima, matako juu, na nguo hizo mkewe ndiye anayezifua.

Meneja wa msitu alipoziona picha alifurahi kupita kiasi. Akazibandika kwenye ubao wa getini, na chini ya kila moja karani akaandika namba ya kipande cha msitu ilikopigwa. Tangu hapo ubao huo ndio uliotugawia vikinga miguu. Ni vya ngozi nene, vinafungwa kwa mikanda kuanzia kifundo hadi gotini, na ofisi ina jozi kumi na mbili tu, za kutosha kikundi kimoja. Zikawa zinakwenda kwa kikundi kinachoingia kipande cha saba, kwa kuwa picha zote za kifutu zilitoka huko. Kipande cha tatu hakikuwa na hata picha moja. Basi kikundi chetu, wanawake kumi na wawili, tukapangiwa cha tatu siku ya Jumatatu, tuingie na mabuti yetu ya mpira yaliyochanika.

Jumapili mchana mdogo wangu alikuja kwangu, hata kukaa hakukaa. Akasema mumewe amemkataza kwenda kazini kesho. Alipombana, shemeji alizunguka weee, mwisho akatapika yote. Vifutu wote amewatoa kipande cha tatu. Huko kuna giza, matawi yamefungamana, na yeye amezoea shuka jeupe nyuma ya mteja. Kwa hiyo humtia nyoka kwenye sanduku la barafu la kupozea soda mpaka alegee, akambeba hadi cha saba kwenye mwanga, akamkunja vizuri juu ya majani safi na kumpiga picha. Akimaliza humrudisha alikomtoa, maana eti viumbe anavihurumia. Sasa kuna watu wa kalenda wameitaka picha yake moja, naye ameshatia sahihi kwamba nyoka alipigwa palepale alipokutwa, bila kuguswa. Akisema ukweli, kalenda hana.

Tulimfuata studio. Alikuwa anafuta lenzi.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi na mkeo tuko kikundi kimoja. Umesahau?"

Akajibu kwamba hakusahau, alikuwa anatafuta namna ya kunifikishia habari. "Na wewe kesho sema una homa, shemeji. Siku moja tu."

"Na wale kumi wengine?"

Akaigeuza lenzi, akaifuta na upande wa pili. "Kifutu haumi ovyo," akasema.

Nimefanya kazi na walevi, nimeishi nyumba moja na mwizi wa kuku, na wote hao niliwahi kuwaonea huruma. Huyu nilimdharau. Mdogo wangu alimwomba jambo moja tu, aje getini asubuhi aseme mwenyewe. Alikubali harakaharaka, kwa sauti ileile anayowaahidia wateja kwamba picha zitakuwa tayari kesho.

Nilidhani hatakuja, lakini alikuja, fulana imepigwa pasi, miguuni viatu vyake vyepesi vya studio. Akasimama kando ya ubao, akamwambia meneja kwamba kumetokea mchanganyiko mdogo wa namba, huenda karani alikosea kuandika. Karani ni mama wa watu aliyebakiza miezi michache astaafu. Akaanza kupekua faili lake, akiomba radhi kwa kosa asilolijua. Shemeji akamwambia asijali, kukosea ni jambo la kawaida.

Hapo mdogo wangu akasogea mbele.

"Karani hajakosea," akasema. "Nyoka wako cha tatu, na mume wangu anajua tangu siku ya kwanza. Mimi kaniambia nisije. Ninyi hakuwaambia."

Meneja alibandua picha moja baada ya nyingine, kisha akaamuru vikinga tupewe sisi. Tukachukua kila mmoja jozi yake, sanduku la vikinga likabaki tupu. Ndipo mkubwa wetu, bibi mmoja aliyeanza kupogoa miti hiyo ilipokuwa inamfika kiunoni, akamwambia shemeji kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayejua kila nyoka anapolala, ashike fimbo yake atangulie. Alisema kwa adabu kabisa, kama anayempisha mgeni mlangoni. Meneja akajifanya anazihesabu zile picha.

Shemeji akaliangalia sanduku, akaviangalia viatu vyake, kisha akamwangalia mkewe, akingoja aseme neno. Mdogo wangu alikuwa ameinama, anakaza mkanda wa goti.