Mtoto wa Nguva Katika Wavu wa Mama Mdogo

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya nguva: mwanamke mzuri, nywele hadi kiunoni, mkia wa samaki. Nikacheka. Nikamwambia nguva niliyemshika mimi alikuwa na midomo minene yenye ndevu fupi, ngumu. Hakuamini. Basi nikusimulie wewe.

Likizo za shule nilikuwa natoka kwetu Mabawa, mjini, kwenda kwa bibi, kijiji cha pwani upande wa Tongoni. Nililala kitanda kimoja na mama mdogo, kitinda mimba wa bibi. Alinizidi miaka michache tu, lakini akiniita "mwanangu" hakuwa na mzaha. Babu alipofariki alimwachia wavu, na kitoweo cha nyumba ile kilitoka humo. Jioni maji yakitoka, aliutega kwenye majani ya baharini. Alfajiri tulikwenda kuutazama.

Asubuhi ile bibi alitufungia mkate wa kumimina, ungali na joto. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya kwenye beseni. Tuliingia taratibu, kanga zetu tumezifunga juu, majani laini yakitupapasa miguu. Maji yaliponifika kifuani, nikasikia mtu anapumua. Pumzi nzito, ya mtu aliyechoka. Nikamshika mama mdogo mkono.

"Si mtu," alisema. "Tulia."

Mbele yetu wavu ulikuwa umejiviringa. Ndani yake mlikuwa na mnyama wa kijivu, mkubwa kama mbuzi, anahangaika kutoa pua nje ya maji. Pembeni mama yake alizunguka, mgongo mpana ukiinuka na kuzama, karibu mno hata maji aliyoyasukuma yaliniyumbisha.

"Mshike kichwa, mwanangu. Kiinue. Akikosa pumzi atakufa."

Nilipitisha mikono chini ya kidevu chake. Ngozi ilikuwa nene, na vinywele vimetawanyika huku na huku. Matundu ya pua yakafunguka, akanipumulia usoni pumzi ya joto, yenye harufu ya majani yale ya baharini, chakula chao. Jicho lake dogo lilinitazama. Mpaka leo sijui nieleze vipi nilivyojiona mdogo, na wakati huohuo nimeaminiwa.

Mama mdogo alichomoa kisu. Nilidhani atafungua fundo moja au mawili. Akakata. Alikata wavu wa babu toka juu hadi chini, machozi yakimtiririka, midomo ameibana. Yule mtoto alipohisi njia, alijipinda mara moja na kuniponyoka. Mama yake akamsogelea. Wakapanda pamoja kuvuta pumzi, pua mbili juu ya maji, kisha wakaondoka bila haraka. Tulisimama pale mpaka jua likatupata. Hata mkate tuliusahau, ulilowa wote.

Tuliporudi, nilimwamkia bibi shikamoo, macho chini. Alitazama kapu tupu, akautazama wavu. Mama mdogo akamweleza.

"Umemshika kweli?" bibi aliniuliza mimi.

"Nimemshika, bibi."

Akakichukua kiganja changu, akakinusa, akafumba macho. Hakugomba. Mchana tulikula muhogo mkavu kwa chumvi, na jioni bibi na mama mdogo wakakaa barazani kuuunga wavu, wakicheka kwa sauti ya chini.

Bibi ameshatangulia. Mama mdogo aliolewa Maramba, analima mahindi, bahari anaiona kwa nadra. Mwaka jana nilipita kijijini nikawauliza vijana wavuvi. Hakuna aliyewahi kumwona nguva. Mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo ni hadithi ya kulazia watoto. Sikumlaumu. Nilitembea mpaka ufukweni, maji yametoka. Majani yamejaa tele, marefu, yamelala yakifuata mkondo, na hakuna anayeyala.