Waini Yangu Imekataliwa kwa Upole

Wasee, leo nilienda kuona wazazi wa mpenzi wangu Achieng na nimerudi na zawadi yangu mwenyewe.

Iko hapa kwa meza. Chupa ya waini, imepungua kidogo tu.

Asubuhi, kwa duka la wines hapa Kabiro, muuzaji aliniuliza, "Unataka sweet ama dry?" Bei ni ile ile.

Mimi sijawahi onja waini maisha yangu yote. Nikasema dry, ndio nikae kama mtu anajua vitu.

Huko kwao Kisumu Ndogo walinipokea poa sana. Samaki, ugali, hadi viti wameazima kwa jirani. Mzee ni fundi wa mbao, akatoa kizibo kwa skrubu na koleo. Mama akamimina kwa vikombe vya chai.

Akaonja.

Akaangalia mzee.

Mzee akaonja, akaweka kikombe chini.

"Kijana yangu," Mama akasema polepole, "hii walikuuzia ikiwa imeharibika."

Nikaonja yangu. Kali kama ndimu! Hapo ndio nilijua dry ni ile haina sukari. Sasa ningeanzia wapi kuwaambia iko sawa, ni mimi nilichagua?

Mzee akagonga kizibo kikarudi. "Irudishe, wakupatie pesa yako." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Saa hii Achieng ameniandikia. Baba yake amemuuliza swali moja tu:

"Mtu anaibiwa kirahisi hivi, wewe atakulinda aje?"

Mwenye ako na jibu aweke hapo chini. Mimi nimeanza kuimaliza, na bado ni kali.