Ubatizo wa Binti wa Mkweka

Sisi tulikuwa Wakristo wa Kikweka, na Mkweka habatizwi kwa maji. Baba yangu aliliamini hilo bila wasiwasi wowote. Alikuwa msimamizi wa wakamuaji katika shamba la mzungu kule Subukia, na kila Jumapili ibada ilikuwa sebuleni kwetu. Tulikaa kimya mpaka Roho amguse mtu aseme. Mara nyingi alimgusa baba, na hakumwachilia upesi.

Basi mimi nikampenda Mkatoliki, seremala wa Nakuru, mtu mpole kuliko nilivyostahili. Majirani Waanglikana walicheka. Wasabato wa ng'ambo ya mto walisema afadhali sote tuanze kwa kuishika Jumamosi.

Padre aliniomba cheti cha ubatizo. Nikamwambia sina, wala kwetu hakuna aliye nacho. Akasema nijifunze katekisimu, nibatizwe, ndipo atufungishe ndoa.

Baba alipopata habari alisukuma chai yake kando.

"Mama yako amekuosha tangu uzaliwe. Hayo maji ya padre yana sabuni gani?"

"Baba, ni sakramenti."

"Roho hahitaji ndoo. Wewe enda. Mimi siendi."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia bila yeye sibatizwi wala siolewi, nitazeekea jikoni kwake tuone nani atachoka kwanza. Nilisema kwa kiburi, lakini nilimaanisha. Sikuweza kuolewa huku baba amenipa kisogo. Mama alicheka tu: "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge."

Miezi ile nilisoma katekisimu, na kusema kweli niliifurahia. Kwa mtu aliyezoea kungoja kimya, maswali yenye majibu tayari yalikuwa raha. Baba hakuuliza neno. Siku ilipopangwa, mwezi wa Julai, nilimtajia saa, naye akasema kuna ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika kanisa lote. Tulikuwa saba wa kubatizwa, na kila aliyemwagiwa maji ya tangi alishtuka kwa baridi. Padre alipofika kwangu nilimwomba angoje kidogo. Alingoja. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kungoja mpaka jioni. Nilitazama mlango, nikaanza kurudi nyuma ili niende zangu nyumbani.

Ndipo baba akaingia, na gambuti zake za mpira za kazini, amekumbatia birika lililofungwa kwa sweta. Hakupiga goti. Alikuja moja kwa moja hadi mbele.

"Samahani, padre. Huyu ana shida ya kifua tangu utoto. Maji yenu ni baridi sana. Haya nimeyachemsha."

Padre aligusa birika kwa kiganja, akatabasamu, akamimina maji bakulini na kuyabariki kwa Kilatini. Baba alisikiliza mikono ikiwa nyuma, akitafuta kosa. Kwa bahati nzuri hakuelewa neno hata moja.

Nikainama. Maji yalinishuka kisogoni yakiwa vuguvugu, nikalia mbele ya watu wote bila aibu. Padre alidhani ni neema, na sijui kwa nini nimbishie.

Baba akanikausha shingo kwa sweta yake, taratibu, kisha akaniinua kidevu akanikagua uso wote.

"Bado ni wewe," akasema.